Mkono Uliopima Maji

Wapara samaki wa soko lile walikuwa na la kusema juu ya kila samaki aliyepita mezani kwao, na juu ya wateja pia, lakini mtonzi akiwekwa mezani maneno yalipungua. Mtonzi ni kambare wa maji ya chumvi. Mbele ana kichwa cha kambare na sharubu zake, nyuma ana mkia wa mkunga, na katikati ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Miiba hiyo ina sumu. Akiwa hai anachoma, akifa anachoma, na ukimtoa kwenye barafu siku ya pili bado anachoma, maana kufa hakumfundishi adabu.

Ndiyo sababu meza nyingi zilimkataa. Mteja akija na mitonzi wake ndani ya mfuko alielekezwa meza ya pili kutoka bombani, kwa Bi Mkasi.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya mkasi wake mkubwa, uliokuwa wa fundi cherehani fulani, ambao aliutumia kukata miiba kabla kisu hakijamgusa samaki. Wa mgongoni kwanza, kisha wa ubavuni, halafu wa ubavu wa pili, yote ndani ya kopo, na kopo linafunikwa asije mtu akakanyaga. Baada ya hapo mtonzi alikuwa samaki kama wengine, tena mwepesi kumpara, kwa kuwa hana hata gamba moja. Bi Mkasi aliianza kazi hiyo mwanawe wa pekee akiwa bado hajaota meno. Sasa mwanawe huyo alikuwa fundi wa majokofu, mwenye mke.

Lakini sifa zake hazikutokana na mkasi. Zilitokana na kwamba aliwakata mitonzi kwa mikono mitupu. Wenzake wachache waliothubutu kumshika samaki huyo walivaa glavu nene za mpira, na Bi Mkasi naye alizivaa miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja ya mwaka jana alipozisahau juu ya kamba na mwiba ukamwingia chini ya kidole gumba. Damu ilitoka. Mwanamke wa meza ya jirani, ambaye soko zima lilimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikwisha kuweka kisu chini ili amkimbilie. Bi Mkasi akautazama mwiba, akauchomoa, akaendelea na kazi.

"Huumwi?" Redio akauliza.

"Naumwa. Sasa nilie?"

Kabla jua halijafika utosini habari ilikuwa imewafikia wauza barafu kule mwisho. Mtu aliyechomwa na mtonzi hulia, hilo linajulikana, na wapo wanaume wenye ndevu zao walioita mama zao mbele za watu. Huyu mwanamke hakutoa hata chozi. Mkono wa chuma, wakasema, na tangu siku hiyo wateja walisimama kumtazama akifanya kazi.

Ukweli ni kwamba hakuumwa. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kumtoka bila kuaga. Kwanza vidole viwili vya mwisho vilikufa ganzi, kama mtu aliyelalia mkono, naye akadhani ganzi itapita. Haikupita. Ikapanda kiganjani. Siku moja jikoni alinusa harufu ya ngozi inayoungua, akageuka kutafuta ni nini, akakuta ni yeye, ameshika sufuria. Vifungo vya gauni akawa anavifunga mbele ya kioo. Na siku ile ya mwiba mkono ulivimba kama mkono wa mtu yeyote, akauficha chini ya mtandio mpaka uvimbe ukashuka. Sumu ilifanya kazi yake yote, ila taarifa haikufika.

Glavu aliziacha kwa sababu moja tu. Akizivaa hakujua kama ameshika mkasi au ameshika hewa. Mikono ikiwa mitupu aliweza kuvitazama vidole na kuviamuru kimoja kimoja, na hivyo kazi ya ngozi akaikabidhi macho. Watu wakaita ujasiri, naye hakuwasahihisha.

Alikuwa na sababu zake za kunyamaza. Soko lilikuwa na kanuni, kwamba mwenye ugonjwa wa mikono hashiki chakula cha watu, na yapo magonjwa ambayo jina lake peke yake huwahamisha watu kwenye benchi ulilokalia. Halafu alimjua mwanawe. Angemwambia, "Pumzika, mama." Bi Mkasi aliwahi kuwaona waliopumzishwa. Huwekwa kwenye kiti sebuleni, huwashiwa televisheni, na kila anayepita huwauliza kama wameshakula. Meza ya pili kutoka bombani ndiyo iliyokuwa maisha yake, na hakuwa tayari kuiacha kwa ajili ya ganzi. Zaidi ya hayo, sifa ni tamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bi Mkasi alikuwa amekwisha kutia maji ya kutosha.

Mkaza mwanawe alikuja sokoni baada ya duka la vitambaa alilokuwa akiuza kufungwa. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na alitaka kufundishwa kazi. Bi Mkasi alifurahi kwa dhati. Alifurahi pia kwa hesabu za chinichini, kwamba sasa mezani pangekuwa na mikono miwili inayohisi.

Hakumwanzia mezani. Alimpeleka kwanza kwenye mlango wa mto, asubuhi ambayo maji yalikuwa yametoka mbali, mahali mikoko inapokoma na tope linapochanganyika na mchanga.

"Huwezi kumkata mtu ambaye hujafika kwake," alimwambia.

Wakatembea polepole wakiburuta miguu, maana anayeinua mguu na kuukanyagisha hapo anatafuta balaa. Penye dimbwi lililozungukwa na majani ya bahari Bi Mkasi akasimama na kuonyesha kwa kidevu. Majini kulikuwa na kitu cheusi, kikubwa kama kikapu, kinabiringika juu ya mchanga. Msichana aliinama. Ilikuwa ni samaki wadogo, mamia yao, weusi wenye mistari myeupe toka kichwani hadi mkiani, wamesongamana mpaka wamekuwa kitu kimoja. Wa mbele walikula, wa nyuma wakawapanda juu na kushika nafasi ya mbele, na hivyo bonge zima likasogea.

"Na hawa wadogo wana sumu?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Wakubwa wako wapi?"

"Wakubwa hawapendi majirani. Kila mmoja na shimo lake, chini ya jiwe au kwenye mizizi. Mchana amelala. Jua likizama anatoka, anapekua tope. Kwenye tope macho hayamsaidii, anapapasa kwa sharubu. Hizo sharubu ndiyo mikono yake, hata konokono aliyefukiwa anamjua."

Aliposema hivyo alimwonea samaki wivu, jambo ambalo hakutarajia katika umri wake.

"Mbona Mungu akampa sumu samaki anayekula konokono?"

"Mtazame. Hana magamba, hana meno ya maana, hana mbio. Akapewa miiba, basi. Hachomi kwa ubaya, anachoma kwa woga. Mvua zikinyesha na mto ukashusha matope, wanatoka mashimoni na kuingia nyavuni kwa wingi. Siku hizo ndizo utakazonijua."

Msichana alijifunza upesi. Katika muda mfupi alikuwa anakata miiba safi kabisa, akiwa na glavu zake, mkasi wake mwenyewe na kopo lake. Ila alikuwa na macho. Siku moja akauliza, "Mama, mbona wewe huvai?"

"Mimi nimezoea. Wewe vaa."

Redio, ambaye hakuna neno lililompita, akadakia kutoka mezani kwake. "Huyo ana mkono wa chuma, mwanangu. Mkono ule hauuzwi dukani, unarithiwa. Wewe endelea na mipira yako, Bi Glavu."

Wateja wakacheka, na jina likamganda. Bi Glavu, nikatie na huyu. Bi Glavu, mkweo yuko wapi, tunataka fundi mwenyewe. Msichana alicheka pamoja nao, lakini Bi Mkasi aliona jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa. Angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja. Aliitafuna sentensi hiyo kila siku akaimeza kila siku.

Mvua ikaja. Usiku kucha mto ulishusha matope, na asubuhi wavuvi wakashusha mitonzi kwa matenga. Mbele ya meza ya pili kutoka bombani watu walijipanga, wengine na ndoo vichwani. Bi Mkasi alikata mpaka beseni la maji likawa zito kwa utelezi, akalibeba kwenda kulimwaga. Aliporudi na maji safi alimkuta mkaza mwanawe ameshika mtonzi mkubwa, na glavu ziko kando, zimekunjwa vizuri kama nguo za kanisani.

Mwiba wa mgongoni ulikuwa umeshakatwa. Wa ubavuni ukakatika, tik. Wateja walikuwa wanatazama kwa kupendezwa, na Redio alikuwa amefungua mdomo tayari kutangaza. Msichana akamgeuza samaki ili apate ubavu wa pili.

Bi Mkasi alipaswa kupiga kelele. Alifungua kinywa. Lakini angesema, "Vaa glavu," na msichana angesema, "Mbona wewe," mbele ya watu wote wale, naye angejibu nini? Akasimama na beseni lake, analitafuta jibu. Samaki akateleza. Mwiba ukaingia katikati ya kiganja.

Msichana hakulia. Hilo ndilo Bi Mkasi aliloshindwa kulisahau baadaye. Alimtazama mkwewe, akauma mdomo wa chini, akauchomoa mwiba kama alivyosikia kwamba huchomolewa, na akajaribu kuushika mkasi tena. "Naweza, mama," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Halafu akaketi chini kwenye maji na utumbo wa samaki.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya anayelisikia.

Dawa ya kwanza ya mtonzi kila mtu sokoni aliijua, nayo ni maji ya moto, moto wa kadiri ambayo nyama inaweza kuvumilia bila kuungua. Muuza chai alikuwa ameshafika na birika lake. Na kanuni nayo iliyojulikana ni hii, kwamba aliyechomwa hapimi maji mwenyewe. Maumivu yale humpumbaza mtu, anaweza kuupika mkono wake akadhani anapona. Maji hupimwa na aliyekufundisha kazi. Akisema yako sawa, unatia mkono bila kuuliza.

Watu wakampisha Bi Mkasi. Akapiga magoti. Muuza chai akamimina kwenye beseni tupu, mvuke ukapanda, na Bi Mkasi akatumbukiza vidole vya mkono wa kulia.

Hakuna kitu. Maji yalikuwepo kwa sababu aliyaona.

Akatia vidole vya kushoto. Mkono huo nao ulikuwa umeanza kumfuata mwenzake siku hizi. Ulimletea kitu kidogo, kama kelele za mtaa wa pili ambazo hujui ni za harusi au za msiba. Akautoa. Akautazama mvuke, lakini asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na hata chai iliyopoa ingetoa mvuke.

"Mama." Msichana alikuwa amenyoosha mkono wake uliovimba, yuko tayari. "Haraka, mama. Yako sawa?"

Kwa mwaka mzima Bi Mkasi alikuwa ameishi kwa kubahatisha. Alibahatisha chumvi ya sufuria, vifungo, ufunguo mlangoni. Angeweza kubahatisha tena. Aseme "punguza kidogo," auangalie uso wa msichana, na mambo yangepita. Kiganja kilichokuwa mbele yake kilikuwa cha binti wa watu, kinachohisi kila kitu.

"Redio," akasema. "Njoo upime wewe."

"Mie? Mbele yako?" Redio alikuwa anafuta machozi, maana alimpenda msichana, lakini ulimi wake haukujua njia nyingine. "Maji ya moto hayachomi nyumba, sembuse wewe na chuma chako. Pima, mtoto anaumia."

"Siwezi kupima. Mikono yangu haihisi."

"Leo?"

"Tangu mwaka jana. Mwiba ule haukuniuma hata kidogo. Haukuwa ujasiri. Mkono umekufa, nikanyamaza. Sijui kama maji haya ni ya moto au ya baridi. Njoo upime, nakuomba."

Redio akanyamaza. Waliokuwepo walikubaliana baadaye kwamba hawakuwahi kuona jambo hilo. Akachutama, akagusa maji kwa ncha ya kidole na kukitoa hapohapo.

"Haya yanaunguza," akasema kwa sauti ndogo. "Bi Mkasi, toa mkono. Toa mkono wako humo."

Vidole vya mkono wa kulia wa Bi Mkasi vilikuwa bado majini. Alikuwa amevisahau. Vilipotoka vilikuwa vyekundu, na ngozi ya vile viwili vya mwisho ilikuwa imelegea na kukunjamana.

Muuza chai akaongeza maji baridi, Redio akapima, akaongeza tena, Redio akapima tena. Kisha mkono wa msichana ukaingia. Alikaa hivyo akipumua kwa kishindo, na kidogokidogo taya zake zikalegea, na macho yake yakaanza kuona watu. Yakamwona mkwewe.

"Ulinionyesha mikono mitupu," akasema.

"Nilikwambia uvae."

"Uliniambia kwa mdomo."

"Kweli," akasema Bi Mkasi. Aibu aliyoihisi ilikuwa kubwa kuliko aibu ya siku yoyote aliyoikumbuka, na hakujaribu kuipunguza. "Kweli, mwanangu. Nisamehe."

Msichana hakusema amesamehe. Aliuangalia mkono ulioungua, akamwambia muuza chai alete beseni la pili, la maji baridi, akaushika mkono wa mkwewe kwa mkono wake mzima na kuutia humo yeye mwenyewe. Wateja waliochukua ndoo zao na kuondoka waliondoka bila kelele. Mmoja, aliyekuwa na mitonzi yake mfukoni, aliwatazama wote wawili chini pale, akaenda kumtafuta mtu wa kumkatia mahali pengine.

Zahanati haikuwa mbali. Walikwenda pamoja, msichana amefunga kiganja kwa kitambaa, Bi Mkasi amebeba mkono wake mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Njiani aliongea zaidi ya kawaida yake. Alisema kwamba mkono haukuwa umekufa wote, lilikuwa neno tu la kusema. Kuna siku alihisi kitu kwenye kiganja, hasa asubuhi. Kidole gumba, kwa mfano, kidole gumba kilikuwa na uhai. Msichana aliitikia, "Ndiyo, mama," na kumshika kiwiko wakivuka barabara.

Muuguzi alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Alikitazama kiganja cha msichana, akatafuta kama kuna kipande cha mwiba kilichobaki, akakisafisha, akampa dawa na kusema kitapona. Kisha akamgeukia Bi Mkasi. Aliuliza habari za sukari. Aliuliza kama kuna mabaka kwenye ngozi, kama usiku mkono unawaka, kama vitu vinamdondoka. Bi Mkasi alijibu yote bila kuficha. Kuficha kulikuwa kumemchosha.

"Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa mshipa wa fahamu, inaweza kuwa kitu kingine. Tutapima," muuguzi akasema. "Magonjwa yote hayo yana dawa, lakini dawa huokoa kilichobaki. Kilichokwisha kwenda hairudishi. Kwa hiyo nataka kujua kimebaki nini."

"Na kazi?"

"Tuangalie kwanza kimebaki nini, mama."

Akamkalisha mezani, akamlaza mkono wa kulia juu ya taulo safi. Vile vidole vilivyoungua aliviacha. Alisema ataanza na kidole gumba, kisha kiganja, kisha atapanda mpaka karibu na kiwiko, kwa pini, pole pole.

"Fumba macho. Ukihisi, sema ndiyo. Usibahatishe."

"Sibahatishi tena."

Bi Mkasi akafumba macho. Aliamua kusubiri kwa makini, kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye chumba chenye watu wengi. Aliipeleka akili yake yote kwenye kidole gumba. Alisikia bomba likidondosha maji kwenye sinki, na mtu akikohoa barazani, na pumzi za mkaza mwanawe aliyesimama karibu na bega lake. Kiti cha muuguzi kililia kidogo. Aliwaza meza yake, iliyokuwa na mitonzi waliobaki bila kukatwa, na kwamba Redio angewafunika kwa gunia. Kama kidole gumba kimebaki, mkasi unashikika. Akasubiri. Pumzi za msichana zikabadilika, zikawa fupi, kisha zikakatika kama za mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Usiogope, mwanangu," Bi Mkasi akamwambia, macho bado yamefumbwa. "Ni pini tu." Kisha akamwambia muuguzi, "Niko tayari. Anza."

Muuguzi akaiweka pini mezani.

"Fumbua macho, mama," akasema. "Huo nimeshaumaliza. Nipe wa kushoto."